Nani Asimamie Mali ya Beata

Beata alizikwa siku ya Jumamosi nyuma ya nyumba yake pale Kibingo, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya nne ndugu wakaketi kikao cha ukoo, na ni tangu kikao hicho ndipo Kemirembe, binti yake wa kwanza, alipoanza kutoelewa mambo.

Kwanza hakuelewa ni ukoo upi ulioketi. Baba yake, Cassian, aliyekuwa mfanyabiashara wa maharage pale mpakani Murongo, alifariki Kemirembe akiwa darasa la sita. Kwa desturi za kwao, yeye na mdogo wake Elick ni watoto wa ukoo wa baba. Lakini wazee waliokalia viti siku ile wote walikuwa wa upande wa mama. Upande wa baba alikuja mtu mmoja tu, akaketi karibu na mlango, akanywa chai yake na hakusema neno.

Kikao kiliongozwa na mjomba Mutalemwa, kaka mkubwa wa Beata. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na daftari la kikao alilishika mwenyewe.

"Marehemu ni dada yetu," alisema. "Cassian, Mungu amrehemu, aliishi naye vizuri, lakini hakumtoa kwetu kwa utaratibu. Kwa hiyo dada yetu amekufa akiwa wa kwetu, na mali yake iko mikononi mwetu. Mahakama inataka jina la msimamizi."

"Si wewe, Mwalimu?" mzee mmoja akauliza. "Nani mwingine?"

Bibi mmoja aliyeketi kwenye mkeka na wanawake wenzake akainua uso. "Na watoto wake?"

"Watoto watapata haki yao. Lakini binti ni wa kuolewa, na kijana hayupo."

Kemirembe alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa na kibanda chake cha ushonaji Nyakahanga, vyerehani viwili na wateja wa kudumu, na kwa miezi minane ya ugonjwa wa mama yake ni yeye aliyekuwa akipanda bodaboda kila Ijumaa kuja Kibingo kumwogesha na kumpikia. Sasa aliambiwa ni wa kuolewa. Kabla hajapata la kusema, daftari likamfikia mkononi. Palikuwa na orodha ya majina, na jina lake limekwisha kuandikwa. Akatia sahihi kama wengine. Baadaye alipojiuliza alikuwa ametia sahihi kukubali kitu gani, au kuonyesha tu kwamba alikuwepo, hakuweza kujijibu.

Jioni alimpigia simu Elick, aliyekuwa fundi wa magari kule Mbarara, Uganda.

"Omusika ni mimi," Elick alisema. Kwao omusika ni mrithi mkuu, mtoto wa kiume anayekalia kiti cha aliyekufa. "Lakini mimi niko mbali, dada. Mwache mjomba. Anajua hayo mambo ya ofisi."

"Kwa hiyo mali ni ya mjomba?"

"Siyo yake. Anasimamia tu."

"Kusimamia maana yake nini?"

"Maana yake... anasimamia," akasema.

Wiki iliyofuata Kemirembe alirudi Nyakahanga kushona, na kila aliyeingia kibandani alikuwa na sheria yake. Prudensia, fundi mwenzake, alisema mtoto ndiye wa kwanza, wa kike au wa kiume, kwa sababu zamani hizo zimepita. Mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni alicheka na kusema labda huko mjini, lakini kule kwenu Kyerwa ni mtoto wa kiume, na asipokuwepo ni kaka wa marehemu. Mwingine alidai ni yule aliyekaa na mgonjwa siku za mwisho. Kisha Jumapili, alipokwenda kusali Kibingo, akamuuliza katekista, mtu mzima aliyemfahamu mama yake tangu siku nyingi.

"Kwanza ni mume," katekista alisema. "Halafu watoto."

"Baba alishafariki."

Katekista alimtazama kwa muda, kama mtu aliyetaka kuendelea kisha akaona heri asiendelee. "Ndiyo," akasema. "Basi nenda mahakamani ukaulize huko."

Lakini hakwenda kwa sababu ya katekista. Alikwenda kwa sababu mchana ule ule, alipofika nyumbani kwa mama, alikuta mlango una kufuli jipya, na shambani kumepigwa vigingi vya miti vyenye kamba ya katani, kutoka kwenye kona ya nyumba hadi bondeni. Alimpata mjomba akiwa na panga, anafyeka mpaka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakula?"

"Hizi kamba ni za nini?"

"Naweka alama. Watu wakiona mwenye mali amekufa huanza kusogea kidogo kidogo. Nawalindia."

"Na kufuli?"

"Nalinda," mjomba akarudia, na uso wake haukuwa na hila yoyote. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi Kemirembe. Angemwona mjomba ni mwizi, angejua la kufanya. Lakini mtu huyu ndiye aliyemlipia karo ya chuo cha ushonaji. Ndiye aliyembeba mama yake mgongoni siku gari lilipokwama kwenye matope. Sasa alikuwa amesimama katikati ya kibanja, shamba la migomba la dada yake, na jasho usoni, akimzuia mtoto wa dada yake asiingie kwenye chumba alichozaliwa, na anaona anamtendea wema.

Kesho yake akaenda Mahakama ya Mwanzo. Karani, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua jalada.

"Mirathi ya marehemu Beata. Ombi limeletwa na Mutalemwa, kaka wa marehemu. Muhtasari wa kikao upo, cheti cha kifo kipo. Tangazo limebandikwa hapa na kwa mtendaji wa kata. Na wewe ni nani?"

"Mtoto wake."

"Una ubishi na ombi hili?"

"Sijui. Nilikuja kuuliza nani ana haki."

"Hayo ataamua hakimu. Mimi napokea karatasi tu. Kama unaona mwombaji asiteuliwe, unaleta pingamizi kabla ya tarehe ya kusikilizwa."

Pingamizi. Kemirembe alilirudia neno hilo njia nzima. Kumpinga mjomba! Alilala na neno hilo, akaamka nalo, akakosea mara mbili vipimo vya shati la mtu. Siku ya tatu akaandika. Hakuandika maneno makali. Aliandika kwamba yeye ni mtoto wa marehemu, kwamba ana umri wa kutosha, kwamba hakuelewa alichotia sahihi, na kwamba anaiomba mahakama imsikilize kabla ya kuamua. Alipoikabidhi barua yake, karani aliisoma, akaigonga muhuri, akasema, "Lako ni la pili."

"La pili vipi?"

"Pingamizi. Kuna jingine lililetwa jana."

Kemirembe alidhani ni Elick. Alimpigia, Elick akaapa kwamba hajaandika chochote. Basi akadhani ni upande wa baba. Akakaa na dhana hiyo hadi siku ya shauri.

Siku hiyo chumba cha mahakama kilikuwa na watu wachache. Mjomba Mutalemwa alivaa koti lake la sherehe na hakumtazama Kemirembe. Katika benchi la nyuma aliketi mzee mmoja mwembamba, kofia mapajani, bahasha ya khaki juu ya kofia. Kemirembe hakuwahi kumwona. Alimwamkia kwa heshima kama unavyomwamkia mzee yeyote, na mzee akaitikia, "Marahaba, mama," kisha akaendelea kumtazama hata Kemirembe akaona haya, akageukia mbele.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Aliita shauri, akamtaka Mutalemwa aeleze. Mutalemwa akaeleza vizuri, hatua kwa hatua, kama aliyekuwa darasani. Dada yake amekufa, ameacha watoto wawili, ukoo umeketi, umemteua.

"Marehemu alikuwa na mume?"

"Aliishi na Cassian, Mheshimiwa, ambaye naye ni marehemu."

"Sijauliza aliishi na nani. Nimeuliza kama alikuwa na mume."

"Hakuwa na mume."

Hakimu akafunua ukurasa. "Nina pingamizi hapa la mtu anayejiita Jovitus Kahigi, mkazi wa Muleba. Yupo?"

Mzee wa benchi la nyuma akasimama. Akafungua bahasha. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya zamani, yenye mistari ya njano pale ilipokunjwa, akampa karani, karani akampa hakimu.

"Cheti cha ndoa," hakimu akasoma. "Ndoa ya Kikristo, mwaka elfu moja mia tisa themanini na saba. Jovitus Kahigi na Beata..." Akanyanyua macho. "Mzee, ndoa hii ilivunjwa?"

"Haikuvunjwa, Mheshimiwa. Aliondoka tu. Mwaka wa tisini na mbili."

"Mahakamani hamkwenda kuivunja? Kanisani?"

"Hatukwenda popote."

Kemirembe alisikia kila neno, na kila neno lilikuwa Kiswahili anachokijua, lakini hakuweza kuyaunganisha. Mama yake alikuwa na mume. Mume huyo yuko hai. Yeye Kemirembe alizaliwa mwaka wa tisini na nne. Basi baba Cassian alikuwa nani kwa mama? Na wao, yeye na Elick, ni watoto wa namna gani? Ghafla akamwona mama yake kanisani, Jumapili baada ya Jumapili. Aliimba kuliko wote, lakini ilipofika saa ya komunyo, ambayo aliye nje ya ndoa haruhusiwi kupokea, wenzake waliinuka wakapanga mstari, na yeye alibaki kwenye benchi akikunja magoti wapite. Kemirembe aliwahi kumuuliza akiwa mtoto. Mama alijibu, "Tumbo linaniuma." Miaka yote ile, kila Jumapili, tumbo.

"Mwalimu Mutalemwa," hakimu akasema, "unamfahamu mzee huyu?"

Mjomba alitazama sakafu. Hatimaye akasema, "Namfahamu. Nilikuwa kwenye harusi."

"Na umeiambia mahakama kwamba marehemu hakuwa na mume."

"Mheshimiwa, watoto hawa hawakuwa wanajua. Dada alinikataza kuwaambia, na nilimwahidi. Nilifikiri nikichukua usimamizi mimi, hakuna atakayeuliza, na jambo litaisha na yeye kaburini."

Kemirembe alimgeukia mjomba, na kwa mara ya kwanza tangu msiba macho yao yakakutana. Hakujua amshukuru au amfokee.

Hakimu aliweka kalamu chini. Alizungumza polepole, akiwatazama wote watatu. Alisema hakuna mahali sheria imeandika kwamba wa kwanza ni mjomba au wa kwanza ni mtoto wa kiume. Mahakama inaweza kumteua mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi, lakini kwa kawaida inaanza na walio karibu kabisa na marehemu, yaani mume au mke, na watoto, wa kike na wa kiume bila kubagua. Hao wasipokuwepo, au wakiwa hawafai, ndipo wanatazamwa wazazi, kaka, dada, na ndugu wengine. Kikao cha ukoo kinaisaidia mahakama kujua familia imekubaliana nini. Hakiifungi mikono.

"Na jambo jingine," akasema. "Nawaona mmekuja kama watu wanaogombea shamba. Msimamizi si mrithi. Msimamizi anakusanya mali ya marehemu, analipa alichodaiwa, anawagawia wanaostahili, kisha anarudi hapa kunieleza amefanya nini. Kwa hiyo nataka kujua kitu kimoja. Nani kati yenu anaijua mali hii? Mwalimu, anza."

Mutalemwa akaorodhesha. Nyumba ya vyumba vinne yenye bati. Kibanja cha migomba na kahawa kinachoizunguka. Shamba la kahawa la bondeni, linaloishia kijitoni. Meza na kibanda cha vitenge Murongo. Mbuzi sita.

"Mzee Kahigi?"

"Sijui mali yake hata moja, Mheshimiwa, wala siombi kuisimamia. Namjua Beata tu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, hakimu akamtazama, akaacha.

"Binti?"

Kemirembe akasimama. Alikuwa na jambo moja analolijua ambalo mjomba hakulijua, na hakuwa na hakika kama ni busara kulisema. Shamba la bondeni halikuwa la mama yake. Lilikuwa la Adventina, mjane jirani aliyehamia Bukoba kwa mwanawe miaka saba iliyopita kwa sababu ya miguu. Waliachiana kwa mdomo. Beata alilitunza, akachuma, na kila msimu alimpelekea Adventina gunia la kahawa kavu. Ni Kemirembe mwenyewe aliyekuwa akilipakia gunia hilo kwenye basi. Hakuna karatasi. Adventina alikuwa mzee sana, na huenda hata huyo mwanawe hakujua mpaka uko wapi. Akinyamaza, lile shamba lenye kahawa nzuri kuliko yote Kibingo lingeandikwa mali ya Beata, na sehemu yake ingekuja kwake na kwa Elick.

"Mbuzi ni wanne," akasema. "Wawili tuliwachinja msibani. Na shamba la bondeni si la mama."

"Unasema nini?" Mutalemwa akageuka kwa mshangao wa kweli. "Nimemwona akilipalilia kwa miaka!"

"Alilipalilia, mjomba. Ni la mama Adventina. Alimwachia alitunze." Akaeleza habari ya gunia na basi, na jina la mtu anayelipokea kule stendi ya Bukoba.

Mjomba akaketi. Alionekana amezeeka ghafla. "Nimeshapiga vigingi mpaka kule," akasema, si kwa hakimu, bali kwa nafsi yake.

Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema watapumzika, uamuzi utasomwa saa nane.

Nje, Kemirembe alikaa kwenye ukingo wa baraza. Yule mzee Jovitus akaja, akasimama hatua chache kutoka alipo, akiizungusha kofia mikononi.

"Naweza kuketi, mama?"

"Karibu, baba," akajibu, na papo hapo akaona aibu kwa neno hilo la kawaida ambalo humwambia kila mwanamume wa umri ule.

Mzee akaketi. "Mimi sitaki shamba," alisema. "Nina kibanja changu Muleba. Mpwa wangu ameolewa Kyerwa, ndiye aliyesoma tangazo akanipigia simu, akasema Beata amekufa. Akasema ameacha watoto wawili. Nikamwambia umesoma vibaya, soma tena."

"Kwa nini vibaya?"

"Tulikaa miaka mitano bila mtoto. Mama yangu akasema, watu wakasema, na mimi nikasema. Nilimwita tasa mbele ya watu, siku ya sikukuu, nyumba imejaa. Asubuhi yake hakuwepo. Nikachukua mwanamke mwingine, bila ndoa maana ndoa ninayo. Naye hatukupata. Akaondoka. Nikachukua wa tatu, naye vilevile."

Kemirembe akaelewa, na alipoelewa hakujua auweke wapi uso wake.

"Nilimuuliza mtu wa kuandika barua pale kwetu, nifanyeje niweze kuwaona hao watoto. Akasema nenda na cheti, weka pingamizi, mahakama itakuruhusu kusema. Sikujua kama itakuwa kukuzuia wewe. Nilitaka kuona tu." Akamtazama tena kama alivyomtazama asubuhi. "Umefanana naye shavu hili lote."

Kemirembe alitafuta hasira ndani yake. Alijua lazima ipo, kwa ajili ya mama yake aliyeondoka alfajiri kutoka kwenye nyumba iliyojaa watu. Akaipata, lakini ilikuwa imechanganyika na kitu kingine ambacho hakuwa na jina lake, kwa sababu mtu aliyepaswa kukasirikiwa alikuwa mzee aliyesafiri siku nzima kuja kuhakikisha kwamba alikosea.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado."

Akamnunulia ndizi za kuchoma na chai kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara. Mjomba Mutalemwa alisimama mbali, kwenye kivuli cha ukuta, akijifanya anasoma matangazo.

Saa nane hakimu akasoma uamuzi. Mzee Kahigi, kisheria, ni mume halali wa marehemu na ana haki ya kuomba, lakini ameishi mbali na marehemu zaidi ya miaka thelathini na mwenyewe ameeleza kwamba haombi. Mwalimu Mutalemwa ni kaka, na alipendekezwa na ukoo, lakini watoto wa marehemu wapo, ni watu wazima, na mwombaji alificha jambo ambalo mahakama ilipaswa kulijua, hata kama alilificha kwa nia njema. Kemirembe ni mtoto, anaijua mali, na ameeleza ukweli hata pale ulipompunguzia. Mahakama inamteua yeye. Alete wadhamini. Ndani ya miezi minne alete orodha ya mali, na majina ya warithi wote.

"Wote, umenielewa?" hakimu akasema. "Wakiwemo ambao leo asubuhi hukuwafahamu."

"Ndiyo, Mheshimiwa," Kemirembe akasema, ingawa hakuwa ameelewa.

Alitegemea mjomba ataondoka bila kumsemesha. Lakini mjomba alimngoja mlangoni, akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa ufunguo.

"Kufuli linasumbua," akasema. "Ukizungusha, vuta kidogo kwako." Kisha akasita. "Nilitaka usijue. Hilo tu. Sikutaka mtoto wa Beata aje asikie mambo haya mbele ya watu, na ndivyo ilivyotokea."

"Ungeniambia wewe, mjomba. Nyumbani."

"Ningeanzia wapi?"

Kemirembe akapokea ufunguo.

Mzee Jovitus aliomba aonyeshwe kaburi kabla ya kurudi Muleba. Wakachukua bodaboda mbili, mjomba na mzee kwenye moja, Kemirembe peke yake kwenye nyingine, na njia nzima alitazama migongo ya wazee wale wawili mbele yake, imeshikamana kwa sababu ya mashimo ya barabara. Walipofika, Jovitus akavua kofia, akasimama kwenye msalaba wa mbao. Alisali, au alisema kitu, midomo ilikuwa inatikisika. Mutalemwa akaenda kwa jirani, akarudi na viti viwili.

Kemirembe akaingia ndani na karatasi za mahakama. Alifungua madirisha, nyumba ilikuwa imeanza kunuka vumbi. Akakaa mezani, akashika kalamu. Kwenye nafasi ya majina ya warithi akaandika jina lake, na mbele yake, *binti*. Akaandika Elick, *mwana*. Kisha akaandika Jovitus Kahigi, na mkono ukasimama. Hakimu alisema mume anahesabiwa. Mzee alisema hataki kitu. Mama yake angesema nini, hakuna ajuaye. Kutoka nje, kupitia dirishani, akawasikia wazee wanaongea Kihaya. Mjomba alikuwa anakumbusha habari ya siku ya harusi, jinsi gari la bwana harusi lilivyozimika kwenye mlima na wageni wakalisukuma na suti zao, na Beata naye, na gauni lake, akashuka akasukuma. Jovitus alikuwa anacheka. Kicheko chake kilikuwa kikavu, cha mtu aliyekiacha siku nyingi, kikaishia katikati na kuwa kitu kingine.

Kemirembe aliinama akaandika neno *mume*. Herufi zilitoka zimepinda, akaziacha hivyo.

Simu ikalia. Alikuwa Elick.

"Imekuwaje? Nani kapewa?"

"Mimi."

"Wewe?" Elick akashangaa, akacheka kidogo, akawa makini tena. "Sasa mimi nifanye nini? Natakiwa kuleta karatasi gani?"

"Sijui bado. Nitauliza." Alitazama dirishani. Mzee Jovitus alikuwa amejikunjia kwenye kiti, kofia gotini, na mjomba ameweka mkono kwenye bega lake. "Lakini njoo, Elick. Njoo wiki hii. Kuna mtu hapa wa kumwamkia, na sijui nikueleze kwenye simu ni nani."

"Ni ndugu?"

Kemirembe akalitazama tena lile neno *mume* kwenye karatasi.

"Njoo tu," akasema.